Praktiko ya sayansi chini ya Mlima Hanang

Mwanafunzi wa sekondari Tanzania anayesoma sayansi hupimwa kwa njia mbili katika kila somo: kwa karatasi ya nadharia, na kwa karatasi ya vitendo ambayo shuleni kila mtu anaiita praktiko. Kwenye orodha ya Baraza la Mitihani, Fizikia ni namba 031, Kemia 032 na Baiolojia 033, na katika mtihani wa kidato cha nne kila moja ina siku yake ya kuingia maabara. Siku hiyo mtahiniwa haulizwi kanuni ya nani inasema nini. Anapewa vifaa, anapima, anaangalia, anaandika alichokiona na kukifanyia hesabu. Hiyo ni kazi ya mikono na macho, na haipatikani kwa kukariri daftari la mwenzako usiku wa kuamkia mtihani.

Kata ya Mogitu, wilayani Hanang, iko kwenye barabara kuu inayotoka Babati kwenda Katesh na Singida, pale inapochepuka njia ya Basotu na Haydom. Juu yake umesimama Mlima Hanang, volkano iliyozimika yenye urefu wa mita 3,420 hivi. Kaskazini ya mlima liko Ziwa Balangida, lenye maji ya chumvi na magadi. Magharibi ni tambarare za Basotu, ambako mashamba makubwa ya ngano yalipanuliwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970. Wakulima wengi ni Wairaqw na wafugaji wengi ni Wadatooga, hasa Wabarabaig. Mwalimu wa sayansi mwenye macho hukuta hapa vitu vingi ambavyo havimo kwenye kabati lolote la maabara, na vingi havina bei.

Historia ya praktiko katika shule za vijijini ni fupi na ina makovu. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza lake la Mitihani likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Kwa miaka mingi shule zisizokuwa na maabara ziliruhusiwa kufanya mtihani mbadala wa vitendo: mwanafunzi alichorewa bureti kwenye karatasi, akaisoma, akajibu. Watu walifaulu Kemia bila kushika bureti hata siku moja. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza sekondari za kata nchi nzima kwa kasi, na maabara zikabaki nyuma. Ndipo Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, moja kwa kila somo, na mwisho uliowekwa ukawa Novemba 2014. Michango ilizua manung'uniko katika wilaya nyingi, muda ukasogezwa, lakini kuta zilisimama. Tatizo lililobaki si la kuta. Chumba chenye meza za zege na sinki zisizo na maji bado ni chumba tu, na wanafunzi 60 wakizunguka bureti nne, wanaoigusa ni wale wale wanne walio mbele.

Fizikia ndiyo inayohitaji vifaa vichache kuliko inavyodhaniwa. Pendulamu ni mfano mzuri: uzi, kitu kizito kidogo, mahali pa kuning'iniza, futi na saa. Timazi ya fundi mwashi inatosha kabisa. Mwanafunzi anafunga uzi, anapima urefu kutoka pale uzi uliponing'inizwa hadi katikati ya timazi, anaivuta pembeni kidogo na kuiachia. Anahesabu mibembeo 20 na kuandika muda. Kwa urefu wa sentimeta 100 muda huo ni kama sekunde 40.2, kwa 75 ni 34.8, kwa 50 ni 28.4, kwa 25 ni 20.1.

Namba hizo zina mambo ya kushangaza kwa anayeziona mara ya kwanza. Urefu umepungua mara nne, kutoka 100 hadi 25, lakini muda umepungua mara mbili tu. Wengi hutegemea upungue mara nne, na wengine huanza kuitilia shaka saa. Jibu linapatikana kwenye grafu: muda wa mbembeo mmoja ukizidishwa kwa wenyewe na kuchorwa dhidi ya urefu kwa mita, nukta zinajipanga kwenye mstari mnyoofu wenye mteremko wa karibu 4.04. Namba 39.5, yaani mara nne ya pai iliyozidishwa kwa pai, ikigawanywa kwa mteremko huo, inatoka 9.78. Hiyo ni kani ya mvutano wa dunia kwa kila kilo moja, kwa kizio cha nyutoni. Vitabu huandika 9.8, na vingine 9.81, ambayo ni thamani inayofaa zaidi nchi za kaskazini kama Uingereza. Karibu na ikweta, na juu ya mwinuko kama wa Mogitu, thamani halisi ni karibu 9.78. Kwa bahati mbaya uzi na saa ya mkononi haviwezi kuonyesha tofauti hiyo ndogo kwa uhakika.

Kwa nini mibembeo 20 na si mmoja? Mkono wa binadamu huchelewa kubonyeza saa kwa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwenye mbembeo mmoja wa sekunde mbili, kosa hilo ni asilimia 10. Likigawanywa kwa mibembeo 20 linabaki nusu asilimia. Kosa jingine ni la kuhesabu: mwanafunzi anaachia timazi huku akisema "moja", badala ya kuanza na "sifuri". Anapofika 20, timazi imebembea mara 19 tu. Jibu lake la mwisho linaangukia karibu na 10.8, na mwalimu mzoefu akiiona namba hiyo anajua kosa limetokea wapi kabla hajafungua jedwali. Kosa la kupima uzi hadi kwenye fundo badala ya katikati ya timazi lina tabia tofauti: mstari unabaki mnyoofu na mteremko haubadiliki, ila haupiti kwenye sifuri. Ndiyo maana grafu ni bora kuliko kutafuta wastani wa majibu. Wastani ungeficha kosa hilo; grafu inalianika.

Hapa ndipo panapoingia ugonjwa ambao wanafunzi wenyewe wameupa jina: kupika data. Anayejua kwamba jibu linatakiwa liwe 9.8 anaanzia mwisho, anarudi nyuma kwa hesabu na kujaza jedwali bila kugusa uzi. Data ya kupika hujulikana. Nukta zote zinakaa juu ya mstari bila hata moja kupotoka, jambo ambalo mkono wa binadamu na saa ya kubonyeza haviwezi kulifanya. Mpishi hujinyima pia kitu kizuri zaidi, yaani kugundua kwamba timazi nzito na nyepesi zenye uzi wa urefu mmoja hubembea kwa muda ule ule.

Mwinuko wa Mogitu unatoa somo jingine la fizikia ambalo mtoto wa Tanga au Dar es Salaam hawezi kulipata kwao. Nyanda zinazouzunguka mlima ziko kati ya mita 1,500 na 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi: kwenye mita 1,700 mgandamizo wake ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na zebaki ambayo vitabu vinasema husimama sentimeta 76 kwenye kipimahewa ingesimama karibu 62 tu. Kwa sababu hiyo maji huchemka mapema. Kanuni ya haraka ni kupunguza nyuzi moja ya sentigredi kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo sufuria ya Mogitu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kwenye kilele cha Hanang zisingefika hata 90. Mwanafunzi anayetumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotokota na kusoma 94, kisha akaandika 100 kwa sababu kitabu kimesema 100, amepika data bila kujua. Kipimajoto chake kilikuwa sahihi.

Tanzania inayo hadithi ya kweli juu ya jambo hili, na inastahili kufundishwa katika kila kidato cha kwanza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuyaacha yapoe na kuyaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombea, na Mpemba, akiogopa kuikosa, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Akaenda kuendelea na masomo Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii alichekwa, na kila alipokosea hesabu darasani alikumbushwa fizikia yake ya peke yake. Hakubishana. Alichukua vyombo viwili kwenye maabara ya Baiolojia, kimoja cha maji ya moto na kingine cha maji ya bomba, akavitia kwenye friza na kuangalia.

Mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza swali lile lile mbele ya wenzake. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar es Salaam na kumwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi aliripoti kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kurudia hadi apate jibu lililo sahihi. Hata chuo kikuu kishawishi cha kupika kilikuwepo. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba dunia nzima. Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha. Walionyesha kwamba tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kinapowekwa inaweza kubadili jibu. Hilo halimpunguzii Mpemba kitu. Aliandika alichokiona, akakirudia, akakipeleka kwa wengine wakipime.

Fizikia ya mteremko na msuguano ina kumbukumbu chungu wilayani Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imeshiba maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wengi waliamini volkano imeamka, na wataalamu wa serikali walilazimika kueleza kwamba haikuwa hivyo. Jaribio linalolieleza ni dogo: ubao, udongo mkavu, na kitu cha kuinulia upande mmoja. Udongo mkavu hushikilia hadi pembe fulani ndipo uanze kuteleza. Ukimwagiwa maji mengi, unateleza kwenye pembe ndogo zaidi, kwa sababu maji yaliyojaa katikati ya chembe huzisukuma zisigandamizane, na msuguano unaotegemea mgandamizo huo unapungua. Uzito nao umeongezeka. Pembe mbili zikiandikwa kwenye jedwali, ya mkavu na ya uliolowa, zinaeleza mengi kuliko hotuba.

Kemia ina sifa ya kuwa somo la gharama, na sifa hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Bureti moja ikivunjika haipatikani Katesh. Lakini kazi kuu ya praktiko ya Kemia, ile ya kupima asidi kwa besi tone kwa tone, inadai utulivu zaidi kuliko fedha. Bureti inajazwa asidi na kusomwa. Uso wa maji ndani yake hupinda, na kinachosomwa ni chini ya mpindo, jicho likiwa sawa nao. Anayesoma akiwa amesimama wakati mpindo uko usawa wa kifua chake atasoma namba isiyo ya kweli. Mtaro wa chini ya bomba la bureti lazima uwe umejaa asidi, kwani kiputo cha hewa kilichojificha hapo kikitoka katikati ya kazi kinahesabiwa kama asidi iliyotumika. Pipeti inachukua sentimeta za ujazo 25 za besi na kuziweka kwenye flaski, matone mawili au matatu ya methili oranji yanafuata, na rangi inakuwa ya njano.

Kisha bomba linafunguliwa. Mkono mmoja unatikisa flaski, mwingine uko kwenye bomba. Mwanzoni asidi inaweza kuteremka kwa kasi, na wekundu unaotokea pale inapoangukia unapotea mara moja. Wekundu ukianza kuchelewa kupotea, bomba linabanwa hadi tone moja moja. Mwisho ni tone linalogeuza flaski nzima kuwa ya chungwa. Tone jingine, na imekuwa nyekundu ya waridi, umepita. Karatasi nyeupe chini ya flaski husaidia macho kuliko taa. Raundi ya kwanza ni ya kukisia tu, haihesabiwi kwenye wastani. Raundi zinazofuata zinatakiwa zikaribiane kwa sehemu moja au mbili za kumi za sentimeta ya ujazo.

Kama besi ni kaboneti ya sodiamu yenye gramu 5.3 katika lita, na asidi ni ya haidrokloriki yenye sehemu moja ya kumi ya moli katika lita, sentimeta 25 za besi zitamalizwa na sentimeta 25 za asidi. Mwanafunzi anayelijua hilo huandika 25.00, 25.00, 25.00. Ila mmumunyo wa shule ulitayarishwa na mwalimu alfajiri kwa mizani ya kale, na jibu la kweli la siku hiyo huenda ni 24.30. Nchini Kenya mtahini hulinganisha namba ya mwanafunzi na ile aliyoipata mwalimu wa shule hiyo hiyo kwa mmumunyo ule ule. Kwa utaratibu huo anayepika huunguza.

Mogitu haihitaji kununua kaboneti ya kufanyia mazoezi. Magadi yanayouzwa sokoni kwa kupikia maharage ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, pamoja na chumvi ya kawaida na uchafu kiasi. Yakidondoshewa siki au maji ya ndimu yanatoa mapovu. Gesi ikipitishwa kwenye maji ya chokaa, maji yanageuka meupe kama maziwa, na hiyo ndiyo alama ya hewa ya ukaa. Waya uliochovywa kwenye mmumunyo wa magadi na kuwekwa kwenye moto unatoa ndimi za njano ya dhahabu: sodiamu. Anayetafuta kloridi kwa naitreti ya fedha sharti atie kwanza asidi ya naitriki hadi mapovu yaishe, la sivyo kaboneti itatangulia kutoa mashapo meupe na kumdanganya. Mtego huo wa uchambuzi wa chumvi huwanasa wengi, na hapa unaweza kufanyiwa mazoezi kwa kitu kilichotoka dukani. Kiashiria nacho kipo: maji ya choya ni mekundu kwenye asidi na hugeuka kijani kwenye magadi au maji ya majivu. Hayatoi mwisho mkali kama methili oranji, hivyo hayafai kwa mtihani, lakini kwa kujifunzia mkono yanatosha.

Magadi yana upande mwingine ambao bureti haiwezi kuuonyesha. Miamba ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania ina floraidi nyingi, nayo huyeyukia kwenye visima, chemchemi na magadi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita ya maji ya kunywa. Maeneo kadhaa ya Arusha, Manyara na Singida hupita hapo, na meno ya kahawia ya watoto ndiyo dalili. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanyia kazi njia ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kemia ya uso wa mfupa kukamata chembe za floraidi ni ile ile inayozifanya ziingie kwenye meno, na wilaya ya wafugaji haikosi mifupa.

Chungu cha maharage chenye magadi, kikipikwa Mogitu, kinakusanya masomo yote matatu. Fizikia inasema maji yanachemka kwenye nyuzi 94, kwa hiyo maharage yanachelewa. Kemia inasema sodiamu ya magadi inaondoa kalsiamu inayoshikiza kuta za seli, na ubesi wake unavunja gundi iliyo kati ya seli, hivyo ganda linalainika mapema na kuni zinapungua. Baiolojia inaongeza kwamba ubesi huo huo unaharibu vitamini B1, ambayo ni sehemu ya faida ya kula maharage. Vyungu viwili, magadi kwenye kimoja, saa moja ya ukutani: jaribio limekamilika, na mama wa nyumbani yeyote atakuwa na la kuchangia.

Baiolojia yenyewe hupima mambo mawili zaidi ya mengine yote: utambuzi wa virutubisho na uainishaji wa viumbe. Iodini hugeuza wanga kuwa bluu iliyokolea karibu na weusi. Mmumunyo wa Benedict ukichemshwa na sukari rahisi hutoka bluu, ukapita kijani na njano, ukaishia wekundu wa tofali. Haidroksidi ya sodiamu pamoja na matone ya salfeti ya shaba hutoa zambarau kwenye protini. Unga wa mahindi, maziwa ya mgando, juisi ya kitunguu na mafuta ya alizeti vinatosha kuyafanya yote. Kitunguu hushangaza: hakina wanga, kina sukari. Sukari ya dukani nayo haibadilishi Benedict hadi ichemshwe kwanza na asidi kidogo, kisha asidi imalizwe kwa magadi. Mtoto wa eneo la ngano anaweza kwenda mbali zaidi: donge la unga wa ngano likikandwa ndani ya maji, wanga unatoka na maji yanakuwa meupe, na mkononi kunabaki kitu cha kunata kinachovutika, protini inayofanya mkate uumuke. Unga wa mahindi hauachi kitu hicho.

Jaribio la jani linahitaji tahadhari. Jani lililokuwa juani huchemshwa kwenye maji ili life, kisha huchemshwa kwenye spiriti ili klorofili itoke, likaoshwa na kudondoshewa iodini. Spiriti haiwekwi juu ya moto kamwe. Moto unazimwa, na chombo cha spiriti kinatumbukizwa ndani ya maji yaliyochemka. Spiriti huchemka chini ya nyuzi 80, kwa hiyo maji ya Mogitu yenye nyuzi 94 yanatosha bila shida. Jani lenye mabaka meupe, kama la maua mengi ya nyumbani, ni zuri zaidi kwa sababu linaonyesha wanga kwenye kijani tu.

Kwa uainishaji, mlima ni hazina. Mwanafunzi anayepanda kutoka mashambani hadi msituni hukusanya ndani ya saa chache kuvu, kuvumwani kwenye magome, na kangaga kwenye mabonde yenye unyevu. Mahindi na maharage yaliyooteshwa kwenye pamba yanatenganisha mimea ya jani-mbegu moja na mbili: mizizi ya nyuzi na mzizi mkuu, mishipa ya jani iliyolala sambamba na iliyosambaa kama wavu. Machinjioni kuna tegu na minyoo ya ini, vielelezo ambavyo shule za mjini huvinunua vikiwa kwenye chupa. Mchoro wa Baiolojia ni wa mistari mikali ya penseli iliyochongwa, bila kivuli, wenye kichwa cha habari, majina ya sehemu na kipimo cha ukuzaji. Hapa pia data hupikwa: mwanafunzi anachora panzi wa kitabuni, mwenye miguu sita kamili, wakati aliyewekwa mezani kwake amekatika mmoja.

Lugha ni mzigo wa ziada. Wilaya ya Hanang iko katika sehemu ya Tanzania ambako lugha za Kikushi, Kiniloti na Kibantu hukutana, na za Wahadza na Wasandawe haziko mbali. Mtoto anaanza na Kiiraqw au Kidatooga nyumbani, anasoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, na anapoingia kidato cha kwanza sayansi ile ile inageuka Kiingereza. Praktiko huupunguza mzigo huo, maana rangi ya chungwa kwenye flaski haina lugha, lakini maelezo yake yana lugha. Walimu wengi huruhusu uchunguzi ujadiliwe kwa Kiswahili mezani na kuandikwa kwa Kiingereza baadaye, na njia hiyo huzaa maelezo marefu na ya kweli kuliko sentensi nne zilizokaririwa.

Kuhusu ratiba ya mazoezi, maswali ya mitihani iliyopita ni msaada mkubwa, kwani aina za majaribio hujirudia: pendulamu, springi, kioo na pini, betri na waya kwa Fizikia; bureti, uchambuzi wa chumvi na kasi ya mmenyuko kwa Kemia. Yanafaa yakifanywa kwa mikono, na saa ikihesabu. Makundi ya watu watatu hufanya kazi vizuri: mmoja anapima, mmoja anasoma, mmoja anaandika, na raundi inayofuata wanabadilishana ili asiwepo anayebaki karani mwaka mzima. Jedwali hutayarishwa kabla ya kugusa kifaa, lenye jina la kipimo na kizio chake juu ya kila safu. Namba iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja unaoiacha isomeke. Mwisho wa kipindi, asidi na besi zilizobaki huchanganywa hadi zimalizane kabla ya kumwagwa, na mabaki ya salfeti ya shaba hukusanywa kwenye chombo chake, yasifike kwenye korongo ambalo maji yake hunyweshwa ng'ombe.